Dakika Tatu za Delphin

Pétronille hasikii tangu alipozaliwa, lakini mjinga si yeye. Ni fundi wa kushona pale mtaani Ngezi, anakupima kwa macho tu, na lugha ya alama anaimwaga kwa mikono kuliko jirani zake wote na midomo yao. Ndiyo sababu mesaji ile ya sauti ya kaka yake ilimkera miaka miwili mizima.

Kaka huyo, Delphin, alipanda kijijini Kpandroma watu waliposema amani imerudi, akaangalie shamba la marehemu baba yao. Kamera ya telefone yake ilikuwa imekufa, hakuweza kumtumia dada yake alama kwa video, basi akatuma sauti kwa mke wake, Aimée. Wiki ileile barabara ikafungwa kwa mapigano. Tangu hapo, kimya. Hakuna aliyemzika, hakuna aliyemwona.

Aimée alisikiliza, akalia, kisha akamfanyia Pétronille ishara: anakusalimia. Basi! Kamstari ka sauti kalitembea kwenye kioo cha telefone dakika tatu, na yeye apewe salamu tu? Kweli Aimée anajua ishara kama kumi, kula, njoo, chumvi, na kuandika hakusoma. Lakini Aimée alikataa kabisa kuita mtu wa kutafsiri. Yale yalikuwa maneno ya mume wake, mengine ya chumbani, na mwanaume mwingine asiyasikie ng'o.

Pétronille akabaki na hamu yake. Alimtamani kaka yake mpaka mguu ukasahau kukanyaga mashini.

Ndipo shule ya viziwi huko Nyakasanza ikapata programu ya akili bandia: unaiwekea sauti, na mtu wa kuchorwa anaigeuza kuwa alama. Aimée akafikiri sana, kisha akampeleka Pétronille kule na ile telefone.

"Ile haina midomo ya kusambaza," akamwambia mwalimu Sébastien. "Lakini weye utoke inje."

Mwalimu akawasha, akatoka.

Mtu wa kuchorwa akanyanyua mikono. Maharagi imeota. Bati ya baba iko nzima. Pétronille asiuzishe mashini ya mama. Nitafika mbele ya Noeli. Katikati, Aimée akafunika kioo kwa kiganja, uso umemwiva, na Pétronille akacheka mpaka akalia. Noeli mbili zimeshapita. Tena ile mikono ilikuwa ya mgeni, safi mno, haina kile kidole cha Delphin kilichopinda. Alimtaka kaka yake, akaletewa habari zake.

Mwishoni mtu yule akashusha mikono, akasimama tu. Kamstari kalikuwa bado kanatembea.

"Mbona ananyamaza?" Pétronille akauliza kwa mikono.

Aimée akatikisa kichwa, akagusa midomo, akapunga mkono: hakuna maneno pale, ni kelele tu. Pétronille akamkazia macho. Haya, Aimée akakunja ngumi, akamwonyesha ile kelele kwa kugonga meza. Mbili polepole, tatu mbiombio.

Pétronille alikuwa ameegemeza viwiko mezani. Mapigo yakampanda mpaka mabegani.

Siku za vita, wakiwa watoto, yeye na Delphin walijificha chini ya kitanda cha mbao, na gizani hakuona mkono wa mtu yeyote. Delphin aligonga ubao hivyohivyo, naye akayapokea mapigo kwa mgongo. Maana yake ilikuwa moja, na hawakumfundisha mtu mwingine: niko hapa.

Aimée akagonga tena, mbili polepole, tatu mbiombio. Pétronille akageuka upesi kutazama mlango, kabla hajakumbuka kwamba aliyegonga ni Aimée.