Ndege Iliyotua Kwenye Maharage ya Jirani

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza, na wanaonifahamu pale Same watakwambia hivyo hivyo. Nilianza na toroli la mizigo stendi. Leo nina malori yangu na duka la vifaa vya ujenzi linalotazama barabara kuu, na yote hayo kwa elimu ya darasa la saba. Nimeshuhudia lori langu likiserereka kinyumenyume na shehena nzima ya saruji, nikamalizia kwanza chai yangu. Lakini mwezi uliopita nilikwenda Moshi kununua spea, na juu ya kaunta mwenye duka alikuwa amemwekea mwanawe boksi jembamba lenye picha ya ndege. Nikalinyanyua ili nipate pa kuweka mikono. Halikuwa na uzito. Ndugu yangu, nilivuta debe la oili nikakaa.

Ule wepesi naujua. Nilikuwa mtoto Vudee, nalelewa na bibi, mwalimu wetu alipoachiwa boksi kama lile na mgeni wa misheni aliyekuwa anarudi kwao. Mwalimu alilifungua, akaona vipande vidogo vidogo visivyo na idadi, akalifunga. Kesho yake akanipa mimi, kwa sababu nilikuwa natengeneza magari ya waya ambayo usukani wake ulikata kona kweli. Darasani walikuwepo walionizidi kusoma. Aliyenizidi mikono hakuwepo, na bado hajazaliwa.

Ndani mlikuwa na vibao vyeupe, vyembamba kama biskuti, vinanukia kama bua kavu la muhindi. Baadaye sana ndipo nilipoambiwa mti wake unaitwa balsa. Ilikuwa ndege isiyo na injini, ya kurusha kwa mkono ikaelea yenyewe. Maelezo yalikuwa ya kizungu, nami nikayaacha nikatazama picha. Mbavu za mabawa nilizikata kwa wembe. Gundi iliyokuja nayo ilikuwa imekaukia kwenye tyubu, basi bibi akawaagiza kina mama waliokuwa wakishuka gulioni watuletee utomvu wa mgunga, ule unaoganda kwenye magome kama sukari guru. Aliuyeyusha kwenye kikopo kando ya chungu cha makande, na mpaka leo siwezi kula makande nisiusikie. Pini zangu zilikuwa miiba ya mlimao.

Shida ilikuwa mahali pa kujengea. Bawa linataka ubao ulionyooka, na Vudee kila kitu kimelala upande, hata meza. Bibi alitazama huku na huku, akang'oa mlango wa jiko akaulaza juu ya mawe.

"Fanyia hapa," akasema. "Lakini mbuzi wakila unga wangu, wewe utakula hiyo ndege."

Kiangazi kizima tuliishi na jiko lisilo na mlango. Nilikata, nikabandika, nikavisha mabawa karatasi laini, nikairashia maji ili ikikauka ikaze kama ngozi ya ngoma. Puani niliweka nati ya baiskeli ili isiinue kichwa.

Siku ya kwanza niliirusha kutoka kwenye jiwe lililo upande wa juu wa nyumba yetu, alasiri, wakati upepo wa bondeni unapanda mlima. Wewe ungedhani itashuka. Ilipanda. Ikazunguka juu ya miti ya migrevilia, ikavuka mstari wa masale, mimea ya mpaka iliyotugawa na jirani, ikakaa kwenye maharage yake taratibu kama kuku anayerudi kiotani.

Jirani huyo alikuwa wa ukoo wa marehemu babu, ndiyo maana yeye na bibi waliitana shemeji. Nilipokwenda nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku ameipakata ndege. Akasema kilichoanguka kwake ni chake. Si uongo, desturi ilikuwepo: parachichi letu lilikuwa na matawi upande wake, na yaliyoanguka huko alikula yeye, hakuna aliyemuuliza. Nilirudi nyumbani nalia. Bibi akavaa kitenge kingine, akaenda mwenyewe.

"Shemeji, parachichi halina mtu nyuma yake. Hii imetumwa na mtoto."

"Imetumwa kwenye maharage yangu?"

"Imekuja kama mgeni. Tangu lini mgeni akawa mali ya mwenye nyumba?"

Hawakuelewana. Shauri likaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi na wazee wake. Wazee walishauriana wakakubaliana jambo ambalo hakimu wa mjini asingeliwaza: irushwe tena, wote waone. Ikianguka kwa pua, ni tunda tu, jirani achukue. Ikitua kwa tumbo, ni mgeni, arudishwe kwao. Baraza likapangwa asubuhi.

Saa hiyo haikutufaa. Asubuhi hewa ya kwetu huteremka, na ndege ingeteremka nayo kama jiwe. Nilimwambia bibi. Hakuuliza maswali, alitaka tu kujua upepo wangu unaanza wakati gani. Nikamwambia kivuli cha mnara wa kanisa kikishageuka.

"Basi mimi nitaongea mpaka hapo," akasema.

Na aliongea. Alianza na baba mkwe wake alivyoyapanda yale masale, akaja kwa nani alioa wapi, akasimulia mwaka wa njaa na nani alimkopesha nani mbegu. Wazee wakasinzia. Jirani akachoka.

"Shemeji, fupisha."

"Shemeji, kama una haraka rudisha ndege ukalime."

Hata balozi alicheka. Bibi akaendelea mpaka majani ya migomba yakaanza kugeuka na kuonyesha tumbo. Akakaa. Nikapewa ndege, nikapanda jiweni.

Ilitoka mkononi mwangu laini. Ikapita juu ya vichwa vya wazee, ikapanda, balozi akavua kofia apate kuiona. Ikazunguka juu ya kanisa mara mbili. Halafu ikanyoosha kuelekea nje, mahali mlima unapokatika na tambarare inaanza, ikiwa juu, inang'aa, inazidi kuwa ndogo. Mwisho ikawa punje ya mchele upande wa Kihurio. Tulibaki tumesimama tunasubiri ishuke ili hukumu itolewe. Haikushuka.

"Haijaanguka," akasema balozi. "Mama ameshinda."

"Hata kutua haijatua," akajibu jirani, akakata rufaa.

Usicheke. Kesi ilikwenda mahakama ya mwanzo, chini Same, kugombea ndege ambayo hakuna aliyeijua ilipo. Iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Bibi aliteremka na mashahidi wake kwenye lori la tangawizi, akawalisha, akawalipia pa kulala, akapanda nao. Mwishowe alishinda: ndege ni yetu, popote ilipo. Alirudi akiimba nyimbo za kanisani njia nzima.

Mwaka huohuo majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalibandikwa, na langu lilikuwemo. Uliza shule, wapo wanaokumbuka. Ada yangu ilikuwa ng'ombe wetu mtamba aliyekuwa akifugwa kwa kazi hiyo, naye alishauzwa mnadani kulipia kesi. Basi na mimi nikateremka na lori la tangawizi, nikaanza kusukuma mizigo.

Wote wawili sasa wamelala, bibi upande huu na shemeji yake upande ule. Masale yameng'olewa, pamewekwa vigingi vya zege vya wapima ardhi. Balozi anayeweza kukaa kutwa akisikiliza kisa cha ndege hayupo tena, na watoto wa pale hawatazami juu. Watu hupenda kututania kwamba Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wacheke tu, hawakumwona bibi akiusubiri upepo.

Nilimuuliza mara moja, nikiwa tayari na lori langu la kwanza, kama hakujutia. Aliendelea kupepeta mahindi.

"Mjukuu wangu, ungesoma vipi ukitokea nyumba iliyonyang'anywa?"

Nikachukua ungo wa pili, nikapepeta naye. Mtamba alikwenda kwa shilingi elfu nne mia tatu na hamsini.