Majibu ya Jirani

Sahani ilikuja na migebuka ya kukaanga, imefunikwa kitambaa cheupe. Jirani yetu wa hapa Katubuka, Kigoma, aliileta mwenyewe, ameishika kwa mikono miwili, na alisema akiwa bado mlangoni: "Majibu yametoka, dada. Mazuri!"

Nikajibu, "Alhamdulillahi," kisha nikaipokea. Samaki walikuwa bado wa moto.

Mwanawe wa kiume na mdogo wangu wa kike waliugua ugonjwa mmoja ndani ya mwaka mmoja: saratani ya mfupa, karibu na goti. Wote wawili tuliwapeleka kwanza kwa mkandaji, kisha hospitali ya mkoa, mwisho tukapanda treni kwenda hospitali kubwa. Wote walikatwa kipande kidogo cha uvimbe kwa ajili ya vipimo, na wote wakaanza dawa za dripu kabla ya upasuaji. Mpaka hapo hakuna aliyekuwa na chochote cha kumwonea mwenzake wivu.

Jirani ana shemeji anayesoma ng'ambo, katika chuo kinachochunguza jeni za saratani hiyo. Shemeji akaomba kipande cha uvimbe wa kijana. Niliposikia, nilimfuata jirani nimuulize kama na cha kwetu kingeweza kwenda. Hakusita hata kidogo. "Mbona ni kiboksi kimoja tu, dada? Vitakwenda pamoja."

Vikaenda pamoja. Cha kwao kikasomeka, na ndiyo majibu yaliyokuja na migebuka. Cha kwetu hakikusomeka.

Nilimuuliza daktari sababu, naye akanieleza taratibu, kama mtu aliyezoea swali hilo. "Nyumba zote mtaani kwenu zina jiko, si ndiyo? Ukitaka kujua nani anapika sasa hivi, hutazami jiko. Unatazama moshi. Jeni ni jiko, kila seli inalo. Wale wa ng'ambo wanapima moshi, wajue jiko lipi linawaka sana na lipi limezimwa. Kuna majiko yakiwaka sana katika uvimbe, tunahofia utasambaa hadi kwenye mapafu. Yakiwa yamezimwa, tunapata matumaini. Matumaini tu, siyo ahadi."

"Na kwetu?"

"Kwenu kipande kilikuwa mfupa mtupu. Mfupa haukatiki kwa wembe wa maabara, kwa hiyo huwa tunauloweka kwenye tindikali mpaka ulainike. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Aina ya saratani inaonekana vizuri tu, lakini moshi hauvumilii tindikali."

Uvimbe wa kijana wa jirani ulikuwa umetoboa mfupa na kuingia kwenye nyama. Siku ya kwanza tulimhurumia kwa jambo hilo hilo. Kumbe ile nyama laini haikuhitaji kulowekwa. Nilirudi nyumbani nikiwa na wivu juu ya uvimbe wa mtoto wa mtu mwingine, na sikujua nimweleze nani jambo kama hilo akanielewa.

Nilichokuwa nakitaka ni kimoja: mtu aniambie kama mdogo wangu ataishi. Jirani alikwisha kuambiwa, au alijiona ameambiwa. Niliusikia uhakika wake kupitia ukutani, katika namna alivyocheka na wateja wake wa mawese na alivyomgombeza kijana kuhusu shule ya mwakani. Mwakani! Mimi nilikuwa nauogopa hata mwezi ujao.

Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Unaweka chochote, hata mihogo ya kuchemsha, unairudisha kesho yake au keshokutwa. Hiyo ya migebuka ilikaa kabatini kwetu wiki baada ya wiki. Kila nilipofikiria cha kuweka, niliona nitalazimika kusimama mlangoni kwake na kuuliza habari za mgonjwa.

Mdogo wangu, kichwa kimepukutika nywele zote, alinitazama nikiihamisha ili nitoe sahani ya chini yake.

"Dada, sahani ya watu unaisubiri nini? Izae?"

"Nitairudisha."

"Basi tuipe jina, imeshakuwa ya humu ndani."

Wote wawili walifanyiwa upasuaji ndani ya mwezi mmoja. Mdogo wangu alipoteza mguu juu ya goti. Mfupa uliotolewa ulikwenda maabara ile ile, kwenye tindikali ile ile, na safari hii daktari alitafuta jambo la zamani zaidi ya jeni: dawa zimeua kiasi gani cha uvimbe. Akatuita. "Karibu wote umekufa," alisema. "Nilitamani kuona hivi." Akarudia kwamba hiyo nayo siyo ahadi. Mdogo wangu aliomba soda.

Tuliporudi Kigoma nilipika wali na dagaa wa nazi, nikajaza sahani ya jirani, nikaifunika kwa sahani yangu yenye maua ya bluu, nikaenda. Alinikaribisha ndani. Kijana alikuwa amelala chumbani.

"Mguu wameuonaje?" aliuliza. Nikamwambia, na huenda nilisema kwa furaha kupita kiasi.

Alizishika zile sahani mapajani bila kuzifunua. "Kwetu wanasema sehemu kubwa ya uvimbe ilikuwa bado hai," alisema. "Pamoja na yale majibu mazuri. Wanabadilisha dawa."

"Mungu atasaidia, dada."

"Alhamdulillahi kwa mgonjwa wako," akasema, na macho yake yakahamia mlangoni. Niliijua sauti ile. Niliwahi kuitoa mimi, mlangoni kwangu, migebuka ikiwa bado ya moto.

Ile sahani ya maua ya bluu bado iko kwake. Mdogo wangu ameuliza mara moja tu, nikamwambia aiache.