Tini za Mgonjwa

Juzi niliona tini zilizoiva sokoni, zimepangwa juu ya jani la mgomba, nikapita bila kuuliza bei.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, baba alinishika mkono, akaniambia tunakwenda Chumbageni kumtazama mgonjwa. Njiani, kwa mama mmoja wa Lushoto aliyeuza matunda, akanifundisha kuchagua tini: ile inayolegea shingoni na kutoa asali kwa chini. Nikaomba moja tumpelekee mama nyumbani.

"Hizi za mgonjwa, mwanangu," baba alisema.

Mgonjwa alitufungulia mlango mwenyewe. Alikuwa na hina mpaka viwikoni, na nyumba nzima ilinukia udi. Nikamwamkia, nikampa pole. Alicheka, akanimegea nusu ya tini. Ilikuwa tamu mpaka nikafumba macho.

Siku hizi najua kwa nini nilichukuliwa: mwanamume aliyeshika mtoto mkono, majirani hawamsemi.

Nyumbani mama alinusa vidole vyangu vilivyonata. Nikamweleza kwa furaha kwamba mgonjwa amepata nafuu, na baba amemlisha tini kwa mkono wake. Mama alininawisha taratibu, akaninawisha tena.

"Mimi nikiugua," alisema, "baba yako huniletea ndimu."