Ukiona Mashine, Umepitiliza

Hironimus hakuwahi kumwelekeza mtu njia bila kumwambia pa kukomea. Mgeni akimuuliza alipo fundi saa wa Msamala, alimwambia ashike njia ya kushoto, kisha akaongeza: "Ukiona mashine ya kusaga, umepitiliza."

Noela aliicheka tabia hiyo tangu chuoni, ambako Hironimus alimfundisha C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Biashara ya mahindi ilipoachiwa watu binafsi, mfanyabiashara Calvin akafungua ghala mjini Songea, naye Hironimus akamwita Noela wafanye kazi pamoja. Programu ya kukagua unyevu wa mahindi aliiandika mwalimu mwenyewe: unaingiza kipimo cha kila gunia, kompyuta inapiga wastani, inasema pokea au rudisha.

Wiki ya kwanza tu, lori la Beda, mkulima kutoka Namtumbo, likaambiwa rudisha. Lilibeba mavuno ya majirani zake wote, turubai limechanika, na wingu limeshafunika milima. Beda alieleza kwa upole kwamba mahindi yale waliyaanika mpaka yakawa yanalia mkononi kama changarawe. Yakinyeshewa njiani, hatakuwa na cha kuwaambia wenzake.

"Mashine haina shemeji, mzee," Calvin alimjibu. "Toa gari."

Dereva akawasha injini. Noela alitafuna punje moja, ikamkatalia meno. Akarudi mbio kwenye kompyuta. Gunia la kwanza, lililokaa mkiani mwa lori na kulowa umande pale turubai lilipochanika, lilikuwa na kipimo cha juu. Mengine yote yalikuwa makavu. Na wastani ulikuwa sawasawa na kipimo cha lile la kwanza.

Hapo akaelewa. Katika C, ukiikabidhi safu ya namba kwa sehemu nyingine ya programu, safu yenyewe haiendi. Inayokwenda ni anwani ya namba ya kwanza, kielekezi tu, na kielekezi hakijui safu inaishia wapi. Mwalimu alikuwa ameiuliza sehemu ile ukubwa wa safu. Ikampa ukubwa wa anwani, ambao kwa mashine ile ulilingana na ukubwa wa namba moja tu. Ikasoma gunia moja, ikahukumu lori zima.

Alimwita Hironimus, akamwonyesha mstari kwa kidole.

"Mwalimu, umeipeleka mlango wa kwanza. Hukuiambia ikomee wapi."

Hironimus akavuta kiti, akaketi kwenye kompyuta. Akaandika upya, safari hii idadi ya magunia ikienda pamoja na anwani. Kompyuta ikasema pokea. Noela akakimbilia getini kulizuia lori, matone ya kwanza yakimpiga usoni.

Wapagazi wakiwa bado wanashusha, Hironimus alimfuata Calvin, akakiri kosa, akataka malori yaliyorudishwa wiki ile yatafutwe. Calvin akamwambia aende yeye akayatafute, na asirudi.

Alirudi kwao, upande wa Hanga. Siku ya kuondoka, kwenye stendi ya mabasi, Noela alimuuliza atampataje siku akija kumwamkia. Hironimus alikuwa ameshapanda, akainama dirishani.

"Shuka njia panda, ufuate mfereji. Ukisikia kengele ya watawa iko nyuma yako, binti yangu, umepitiliza."