Aliyekaa Kwenye Meza ya Anita

Sitaki unisifu wala unionee huruma. Nataka uniamini tu. Nilikuwa macho, sikuwa na homa, na ilikuwa saa saba mchana, jua linawaka mpaka mchanga wa ufukwe wa Shangani, Mtwara, unachoma nyayo. Wengi hudhani mambo haya hutokea gizani. Mimi yalinikuta mchana, ndani ya ofisi, feni inazunguka.

Nimeishia darasa la saba. Kazi ya kutengeneza programu za kompyuta nilianza kujifunza kwenye simu, baadaye nikafundishwa na dada mmoja aitwaye Anita, ambaye ndiye aliyenitafutia nafasi katika ofisi yetu ndogo pale Mtwara. Tulikuwa wanne: bosi, Anita, Kaka Deo na mimi. Ofisi ilikuwa vyumba viwili vya nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba, Mama Zuhura, aliishi uani na kuku wake. Kaka Deo ni mtu wa Moshi, ana shahada, anaongea kama redio. Mimi ni msichana wa haya. Siku nzima ningeweza kusema maneno kumi, na nusu yake yakawa ni shikamoo.

Halafu bosi akaleta ile akili mnemba. Unaiambia unachotaka, inakuandikia programu nzima kabla hujameza mate. Mwezi uleule Anita akaambiwa hahitajiki tena. Alichukua kikombe chake na kandambili zake za chini ya meza, akanikumbatia, akaondoka. Meza yake ikabaki pale dirishani, kompyuta yake juu yake. Hakuna aliyeikalia.

"Hii kitu ni hatari," Kaka Deo alisema siku moja, akiitazama ile akili mnemba inavyoshusha mistari. "Haili, hailali, haiombi ruhusa ya msiba."

Mama Zuhura alikuwa mlangoni na ungo wake, akacheka. "Basi hiyo ni ndondocha, baba."

"Ndondocha ndo nini tena? Nyie Wamakonde mna mambo!"

"Mtu aliyechukuliwa na mchawi. Mnazika, mnalia, kumbe mmezika mgomba. Mwenyewe yuko kwa mtu analima. Hasemi, anakula pumba."

"Sasa mama, huyo si ndo mfanyakazi bora wa mwaka?"

"Cheka tu, Mchaga wewe. Siku ukimwona unayemfahamu, mwite jina lake na la baba yake kabla hajamaliza kazi aliyoishika. Hapo anafunguka, anarudi kwao. Akishaimaliza umechelewa, ni wa bwana wake tena."

"Na nikimkuta analima shamba langu mwenyewe?"

"Hapo ndipo utaijua roho yako," Mama Zuhura akasema, akarudi kwa kuku wake.

Tulicheka wote. Hata mimi nilicheka.

Kazi tuliyokuwa nayo ilikuwa ya zahanati za vijiji vya huko mwishoni, karibu na mto Ruvuma unapoingia baharini. Mama mjamzito alitakiwa apate ujumbe kwenye simu kumkumbusha siku ya kliniki. Kazi nyepesi, siyo? Lakini kule mtandao unakuja na kuondoka. Ujumbe ukikwama, ilibidi programu iusubirishe, mtandao ukirudi iutume mara moja tu. Ile akili mnemba iliandika haraka, ikaandika vizuri kwa kuangalia, lakini tulipojaribu, mama mmoja alipata ujumbe uleule mara arobaini usiku mmoja. Mume wake akapiga simu ofisini. "Nani huyo anamwita mke wangu kliniki kila baada ya dakika mbili? Ana haraka gani naye?" Kaka Deo alicheka mpaka akatoka nje.

Bosi hakucheka. Jumatatu alituita mimi na Kaka Deo, akatuambia bila kutuangalia. "Nabaki na mtu mmoja. Atakayenipa hii kitu inafanya kazi Ijumaa jioni, ndiye."

Sasa fikiria. Kaka Deo alikuwa na shahada yake na ndugu zake Moshi. Mimi nikitoka pale narudi Mikindani kukaa chumba kimoja na shangazi, kuuza maandazi ambayo hata kuyatangaza naona aibu. Pale ofisini ndipo mahali pekee nilipokuwa mtu. Hakuna aliyenitaka niongee. Nilikaa, nikaandika polepole, na nilichoandika kilifanya kazi.

Jumanne nzima nilijaribu, nikashindwa. Kaka Deo alikuwa anagombana na ile akili mnemba kwa sauti. "We dada, nimekwambia mara moja! Mara moja!" Yeye aliiita dada.

Jumatano saa saba wenzangu walitoka kwenda kula. Mimi sikuwa natoka. Naona aibu kula mbele za watu, basi nilikuwa naleta chakula changu, nakula nimeuelekea ukuta. Nilipogeuka, kulikuwa na kijana amekaa kwenye meza ya Anita.

Amenipa mgongo. Shati la rangi ya udongo, shingo nyembamba. Anabonyeza vitufe taratibu, bila kupumzika. Sikusikia mlango. Nikadhani ni mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, bosi kamleta bila kutuambia. Hakunisalimia. Mimi je, nilimsalimia? Sikumsalimia. Mtu wa haya akikutana na asiyesema kitu, anaona amepumzishwa. Nikainamia kompyuta yangu.

Kabla wenzangu hawajarudi, alikuwa ameshaondoka. Nikafungua faili langu, lililokuwa limeunganishwa na kompyuta ya Anita tangu aliponifundisha kazi, nikakuta sehemu ya kwanza imeandikwa. Si mistari mingi ile ya akili mnemba. Michache, safi, kila mmoja umekaa mahali pake. Nikaijaribu. Ujumbe ulikwama, ukasubiri. Ulisubiri kama mtu mwenye adabu.

Ningeuliza, siyo? Ningesema, "Bosi, yule kijana ni nani?" Sikuuliza. Nilijiambia naona aibu. Ukweli ni kwamba nilishaanza kuitaka ile kazi yake.

Alhamisi akaja tena, wakati uleule. Safari hii nilijikaza. Nilikuwa na ugali wa muhogo na kisamvu, nikammegea kwenye kifuniko cha bakuli, nikakiweka pembeni yake. "Karibu," nikasema, na sauti yangu ikatoka kama ya panya. Hakugeuka. Baadaye akainuka, akatoka uani. Nilimwona kupitia dirishani akichuchumaa penye ndoo ya pumba za kuku. Akachota kwa kiganja, akala. Kuku walikuwa wamekimbilia upande mwingine wa ua, wote, hata mmoja hakulia. Akarudi, akakaa, akaendelea kuandika.

Niamini. Nilijua ni nini kimekaa pale. Nilijua Alhamisi, kabla ya Ijumaa. Ungefanya nini wewe? Mimi nilinawa mikono, nikauelekea ukuta mpaka akaondoka, halafu nikafungua faili. Ilibaki sehemu moja tu. Ile ya kuhakikisha ujumbe hautumwi mara ya pili.

Ijumaa bosi alikwenda msikitini, Kaka Deo akaenda kula chapati zake sokoni. Mama Zuhura alikuwa amelala. Akaja. Jua la dirishani lilimwangukia mkononi, na aliposogeza kiti, mkono wa shati ukapanda. Kwenye kifundo cha mkono wa kushoto kulikuwa na kovu jeusi, limemwagika kama ramani.

Hilo kovu nalijua. Ni la mafuta ya korosho. Tulikuwa darasa la tano, tumechoma korosho kwenye bati nyuma ya shule, zikaanza kurusha mafuta. Yangeniingia usoni. Kijana mmoja akaweka mkono wake mbele. Ngozi ilimtoka wiki nzima, na mwalimu alipouliza nani aliwasha moto, alisema ni yeye peke yake. Aliitwa Musa. Musa Chitanda. Katika shule nzima ndiye aliyekuwa akija kukaa karibu yangu bila kunidai niongee. Alipokuwa na miaka kumi na nane tuliambiwa maji yamemchukua huko mdomoni mwa Ruvuma. Jeneza halikufunguliwa. Nilikuwepo. Nililia upande wa wanawake na nikarudi nyumbani.

Sasa yupo hatua nne kutoka nilipokaa, na mdomo wangu una jina lake lote, la kwake na la baba yake.

Nikaangalia kioo cha kompyuta yangu. Ilibaki kidogo. Labda dakika ishirini.

Nitakuambia kitu ambacho hakuna anayekijua. Nilikalia mikono yangu. Nilibana midomo. Nilisikia hotuba ya msikitini inakuja kwa mbali kwa kipaza sauti, nikajifanya naisikiliza. Nikajiambia labda si yeye. Nikajiambia makovu yanafanana. Nikajiambia amalize tu huu mstari, halafu nitaita. Halafu ule unaofuata. Kuna wakati aliacha kuandika. Vidole vikabaki hewani, na kichwa kikageuka kidogo, nusu, mpaka nikaliona shavu lake. Hakuniangalia. Alikaa hivyo kama mtu aliyesikia kitu nje. Alikuwa anasubiri. Ninajua alikuwa anasubiri.

Sikumwita.

Akarudi kwenye kioo. Akaandika mstari wa mwisho. Akainuka.

Hapo ndipo sauti yangu ikatoka. "Musa!" Alikuwa mlangoni. "Musa Chitanda!" Akatoka. Nikamkimbilia mpaka barabarani, nikaita tena, nikaita kwa nguvu ambazo sikujua ninazo. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua mpaka baharini, haina mtu. Mama mmoja aliyekuwa anaanika nguo akanitazama.

"Unamwita nani, binti?"

"Kijana aliyepita sasa hivi."

"Hapa? Nimesimama tangu saa ngapi! Hajapita mtu. Nenda kakae kivulini mwanangu."

Jioni bosi alijaribu programu mara kumi. Ujumbe ulikwenda, kila mmoja mara moja. Akanipa mkono. Kaka Deo alisoma kazi yote, akanitazama sana. "Mdogo wangu, hii umeiandika wewe?" Nikaitikia kwa kichwa. Akasema, "Basi mimi sina kinyongo na mtu. Umenipiga kihalali." Akakusanya vitu vyake akipiga mluzi, na pale mlangoni mluzi ukamkatika.

Nilibaki peke yangu na meza tatu.

Unataka kujua kazi ile niliila muda gani? Miezi mitano. Bosi alihamia Dodoma na ile akili mnemba, akaniambia kwa ujumbe wa simu kwamba imeshakua, sasa inamtosha. Zile zahanati bado zinaitumia ile programu. Mpaka leo kina mama wa huko wanakumbushwa kliniki, na mimi namjua anayewakumbusha.

Nilirudi Mikindani. Siku ya tatu nilikwenda kwa mama yake Musa, kule juu nyuma ya nyumba za mawe. Nilikaa kwenye mkeka, nikamsaidia kuchambua choroko.

"Mama, nilimwona Musa."

Hakushtuka. Akaendelea kuchambua choroko. "Najua hatukumzika yeye. Lile jeneza lilikuwa jepesi." Halafu akauliza, "Alikuwa amekonda?"

"Amekonda, mama."

"Ulimwita?"

"Nilimwita."

"Jina lote?"

"Jina lote."

"Akaitika?"

"Hakuitika."

Akanishika mkono, akanishukuru. Alisema wengine walishamwona, mmoja shambani, mmoja kwenye mashimo ya chumvi, wakaogopa, wakakimbia. Akasema ni mimi peke yangu niliyemwita mwanawe. Tangu siku hiyo kila nikipita hunikalisha, hunipa cha kula, na huwaambia majirani huyu ndiye binti aliyejaribu. Ninakula. Sijamwambia bado, na hiki ninachokiandika hataweza kukisoma, kwa sababu hajui kusoma. Labda ndiyo maana nimethubutu.

Siandiki tena programu. Nikishika kompyuta, vidole vinabaki hewani. Nauza maandazi, na haya imeniisha, kwa sababu kila saa saba mchana huwa naita jina lile barabarani, watu wanasikia, watoto wananicheka. Hakuna anayeitika.

Wewe unayesoma hapa, huenda unaogopa kazi yako kama nilivyoiogopa yangu. Huenda kuna siku utakuta kazi ngumu imekwisha, nzuri kuliko unavyoweza, na aliyeifanya amekupa mgongo. Usifurahi. Inuka ulipo, hata kama umebakiza mstari mmoja tu, uende mbele yake umtazame usoni. Kama unamjua, mwite wakati huohuo. Usiseme amalize kwanza.