Madoa ya Lami kwenye Gari la Baba

Gari la baba yangu lilikuwa jeupe, ndiyo maana lami ilionekana. Lingekuwa jeusi, nisingekuwa na la kusimulia, na siku ya harusi yangu ningefika kwa mume wangu nimeketi.

Alilinunua kwa mwenye duka mmoja wa Kihindi aliyekuwa anahamia Dar es Salaam. Lilikuwa zee tayari, naye akalitunza kuliko alivyotutunza sisi. Tukilalamika, anasema watoto wana mdomo wa kujisemea, gari halina. Wiki ile ya harusi walikuwa wanamwaga lami mpya upande wa stesheni. Kila mwenye akili zake alizunguka njia nyingine. Baba alipita katikati, kwa sababu, alisema, hawezi kuyazunguka maendeleo. Alirudi nyumbani kwetu Isevya na vidoti vyeusi kuanzia kwenye madigadi mpaka milangoni. Mama akalitazama gari, akasema limeota ndui.

Siku nyingine lingekuwa jambo la kuchekwa na kusahauliwa, lakini Jumapili gari hilo lilikuwa na kazi ya kunipeleka kwangu. Mume wangu alikuwa Mzaramo, fundi wa reli aliyekaa karibu na stesheni, na ndugu zake walikuwa wamefika kwa treni wakiongozwa na shangazi yake, mwanamke mwenye ulimi. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani. Tangu siku ya posa shangazi huyo alikuwa akiuliza kama bibi arusi ataletwa begani. Mtani hakasirikiwi, hilo tunalijua sote. Baba hakukasirika. Aliapa tu kwamba nitafika kwa gari, tena jeupe pe.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema. Kwetu, baba hamsindikizi binti yake kwa mume. Hiyo ni kazi ya mashangazi. Yeye anaagana naye mlangoni, basi. Lakini dereva hana budi kwenda. Mjomba alipojitolea kuendesha, baba alimjibu kwamba klachi ya gari lile inamtambua mtu mmoja. Nilielewa, nikafurahi, nikanyamaza. Nilitaka aje, na nilijua hana njia nyingine ya kuja.

Kwa hiyo Jumamosi madoa yakashughulikiwa. Mafuta ya taa hayakuwapo duka la ushirika, na petroli baba aliikataa, anaogopa itakula rangi. Tukachukua mafuta ya karanga ya mama. Lami haikwanguliwi. Unaipaka mafuta, unaiacha ilainike, ndipo unaifuta kwa kipande cha kanga kuukuu, ukigeuza kitambaa kila mara. Ukiwa na haraka unapata mchirizi badala ya doa. Mimi nilikuwa na hina mikononi, sikuruhusiwa kugusa kitu, nikawa mwonyeshaji: pale, na pale chini ya kitasa. Tuliongea siku ile kuliko mwaka mzima uliotangulia, na karibu yote yalihusu lami. Sijawahi kuona raha kama ile.

Madoa yakaisha, na sabuni ya kuondolea mafuta nayo ikaisha, sabuni ambayo mama aliipangia foleni. Chini ya yote hayo rangi ilionekana imechakaa. Hapo baba akakumbuka nta. Ndugu yake wa Usinge alikuwa ametuletea asali ya harusi, pamoja na donge la nta kutoka mizinga yake mwenyewe. Mama akaligusa, akalamba kidole.

"Baba watoto, nta hii bado ina asali. Ichemshe tena, uichuje."

"Nta ni nta," baba akajibu. "Mnyamwezi gani anafundishwa nta?"

Akaiyeyusha, akalisugua gari zima. Jioni liling'aa mpaka majirani wakaja kujitazama kwenye milango.

Jumapili ndoa ilifungwa asubuhi. Mashangazi waliponitoa nje nimefunikwa shela, niliwasikia wakiacha kuimba ghafla. Nikachungulia. Gari lilikuwa halionekani kwa nyuki. Walikuwa boneti nzima, paa, milango, wanalamba nta kana kwamba karamu ilikuwa yao. Mama alimtazama baba, akalamba kidole.

Mtu akapendekeza moshi, baba akakataa, moshi utaharibu rangi. Kungoja nyuki waondoke jioni hakukufaa pia. Siku hizo, Jumapili ikishafika saa nane mchana, magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani, ili petroli ya nchi isiishe. Mashangazi wakakaza kanga viunoni wakasema twendeni kwa miguu.

Baba akabaki mlangoni na funguo mkononi. Hakuwa tena na kazi. Nikaanza kulia kwa uchungu wa kweli, na mashangazi wakanisifu kwamba ninalia kama inavyompasa bibi arusi.

Kisha mtu akauliza nani atabeba sanduku langu. Vijana wenye nguvu walikuwepo wa kutosha. Baba akatia funguo mfukoni, akawapita, akaliinua sanduku begani.

"Linahitaji mtu anayeijua njia," alisema.

Njia ya stesheni Isevya nzima iliijua. Hakuna aliyebisha. Tukaenda, vigelegele vikarudi, na baba akatembea pembeni yangu njia nzima. Kwenye lami mpya viatu vyetu vilinata, na pindo la kanzu yake likapata madoa. Nilikuwa bado nalia, na sasa nilikuwa nacheka pia.

Shangazi mkwe alikuwa barazani anatungoja. Alipomwona baba anatokwa jasho chini ya sanduku, akapiga makofi.

"Nilisema mie. Mnyamwezi hata akinunua gari, mzigo begani."

"Na Mzaramo hata akipanda treni," baba akamjibu, "bado anaungoja mzigo mlangoni. Pokea." Akamkabidhi sanduku. "Huo ndio mwepesi. Ule mzito umekuja kwa miguu yake. Usiuangushe."

Watu walicheka, lakini shangazi mkwe hakucheka. Vijana wake walisogea kumpokea sanduku, akawasukuma kwa kiwiko, akalijitwika kichwani mwenyewe. Mkono wake mmoja ulilishika, na wa pili ukanishika mimi.

"Karibu, mwanangu," akasema.

Kizingitini niligeuka. Baba alikuwa ameinama kule barabarani, akikagua madoa ya lami kwenye pindo la kanzu yake. Aliyakagua kwa muda mrefu.