Uzi wa Kioo Mwaloni

Mpaka leo nikimwona mlinzi wa mwalo, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, mkono unaniwasha. Niseme ukweli, nawachukia.

Nilikuwa nasoma fizikia chuoni Nyegezi, na utafiti wangu wote ulikuwa kwenye uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, uliozungushwa kwenye gurudumu la plastiki. Chumba changu cha Mabatini kilikuwa kinavuja, nikaupeleka kwa mjomba, mvuvi anayeishi karibu na maji. Akataka kujua kila kitu. Nikamweleza kuwa mpigo mfupi wa mwanga ukipita humo hutawanyika njiani, unafika umechoka. Lakini ukiupiga kwa nguvu inayofaa, nguvu ile ile inakibadilisha kidogo kile kioo, nacho kinaubana. Unafika vile vile ulivyoondoka.

"Yaani unajishika wenyewe?"

"Ndiyo, mjomba."

"Basi huo mwanga una akili kuliko shemeji zangu."

Jumamosi moja nikakuta watu wamejaa uani kwake. Walinzi walikuwa wanasaka timba, zile nyavu za plastiki zilizopigwa marufuku ziwani, na mmoja ameuona uzi wangu unang'aa chini ya kitanda. Alaa! Hakuna aliyeuliza. Mjomba yuko chini, wanamtandika makasia mgongoni, damu inamtoka mdomoni, naye anapiga kelele, "Si timba! Ni mwanga wa mpwa wangu!" Wakacheka. Wakaumwagia uzi mafuta ya taa na kuuwasha, maana timba huchomwa mbele ya mwenyewe.

Nikamrukia mwenye kiberiti, nikamng'ata sikio mpaka nikaonja damu yake. Nikapigwa kasia la kichwa. Nilipoinua macho, mjomba ameingiza mikono motoni anauvuta uzi. Timba ingeyeyuka. Huu uliungua ganda tu, kioo kikabaki, kikakatikakatika na kumwingia viganjani. Walipoona hauyeyuki wakaondoka mmoja mmoja. Hata pole hawakusema, washenzi wale.

Nikakaa naye mlangoni, nikimtoa vipande kwa kibanio. Havikuonekana mpaka nivimulike na tochi ya simu kwa upande. Nilikuwa nalia kwa hasira. Vidole vile havijashika wavu tena tangu siku hiyo.

"Taratibu, mpwa wangu," akasema, mdomo umevimba. "Usiukate uzi. Si bado umo humo, mwanga wako?"

"Umo, mjomba," nikamwambia, nikachomoa kingine.